Takrolimasi ya kampuni nyingine baada ya kupandikizwa figo

Swali: Mdogo wangu alipandikizwa figo India, sasa tunaishi naye Mbale. Kapsuli alizokuja nazo za takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo, zimekwisha. Famasi moja Kampala imetupa takrolimasi ya kampuni nyingine, miligramu zilezile, bei nafuu kabisa. Je, anaweza kuimeza, au mwili utaikataa figo?

Jibu: Dada, anaweza, mradi daktari wake wa figo ajue leo hii na siku ya kupima damu ipangwe. Na kwa kuwa za zamani zimekwisha, asikae bila dawa akisubiri kupigiwa simu. Kuruka dozi kunaihatarisha figo kuliko kubadili kampuni.

Kwanza soma kasha. Kuna takrolimasi ya kumeza mara mbili kwa siku, na kuna ya mara moja inayotoka polepole. Hizo mbili hazibadilishani hata miligramu zikilingana. Hakikisha pia imesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Dawa.

Hofu yako naielewa, maana dawa hii haina nafasi ya kukosea. Ikipungua, kinga ya mwili huishambulia figo. Ikizidi, yenyewe huiumiza figo, mikono hutetemeka, sukari hupanda. Watu husikia kwamba kipimo cha usawa wa dawa na ile ya kampuni iliyoianzisha ni asilimia 80 hadi 125, wakadhani kapsuli inaweza kupungukiwa na robo ya dawa. Sivyo. Wastani pamoja na shaka yote ya hesabu lazima viingie ndani ya mipaka hiyo, kwa hiyo tofauti halisi huwa ndogo. Ulaya wameibana zaidi kwa takrolimasi: 90 hadi 111 kwa jumla ya dawa inayofika kwenye damu.

Kinachonitia wasiwasi ni kuhamahama. Kila kampuni hulinganishwa na dawa ya kampuni iliyoianzisha, haihitajiki kulinganishwa na wenzake. Mwezi huu kampuni hii, mwezi ujao ile, na hakuna aliyepima: hapo ndipo figo hupotea. Chagueni moja mtakayoimudu kila mwezi, mwombeni mfamasia asiibadilishe bila kuwaambia.

Apime kiwango cha dawa kwenye damu pamoja na kreatinini, kipimo kinachoonyesha figo inavyochuja, baada ya wiki moja hivi, kisha tena mpaka kiwango kitulie. Kama dawa yake ni ya mara mbili kwa siku, damu itolewe asubuhi, yakiwa yamepita masaa 12 tangu dozi ya jioni, kabla hajameza ya asubuhi. Wengi humeza kwanza ndipo waende maabara, na jibu linakuwa halina maana.

Kiwango kikiyumba, msiilaumu kampuni kabla ya kuuliza ameandikiwa nini kingine. Flukonazoli ya fangasi na erithromaisini ya bakteria hukipandisha. Rifampisini ya kifua kikuu hukishusha vibaya sana. Kila kliniki anayoingia, hata ya jino, aseme kwanza kwamba ana figo ya kupandikizwa na aonyeshe kasha la dawa yake.