Uliza Kwanza Hita Imetengenezwa na Nani

Juma lililopita malipo ya mkataba wetu wa kwanza na jeshi la Marekani yaliingia benki, na mke wangu, ambaye ndiye mshirika wangu katika biashara yetu ya hita za viwandani hapa Ohio, alilia machozi ya furaha. Ninawaandikia ndugu zangu mlioko huku ughaibuni, mnaotamani kuiuzia serikali kama tulivyotamani sisi, kwa sababu miaka mitatu iliyopita zabuni nyingine ilituponyoka tukiwa tumekwisha kuishika mkononi.

Zabuni ile ilikuwa ya hita za gesi za kuning'iniza darini, katika karakana ya magari ya jeshi, na ilitengwa kwa ajili ya biashara ndogo peke yake. Sisi tulikuwa watu saba, nami niliamini kwamba udogo wetu unatosha. Mwuzaji wa kiwanda kikubwa kilichotupa bei nafuu alinithibitishia hivyo kwa simu, na neno lake nikalichukua kama sheria. Tulitoa bei ya chini kuliko wote, tukaarifiwa kuwa sisi ndio tuliochaguliwa.

Siku tano za kazi zinazoruhusiwa kuweka pingamizi hazikuisha kabla mshindani mmoja hajapinga. Suala likapelekwa SBA, wakala wa serikali kuu unaosimamia biashara ndogo, nao hawakuhangaika na idadi ya wafanyakazi wangu. Walitaka kujua hita zinatengenezwa na nani. Kanuni inasema kwamba ukiuza bidhaa usiyoitengeneza mwenyewe, katika zabuni iliyotengwa kwa biashara ndogo na inayozidi kiwango cha ununuzi wa njia rahisi, ambacho wakati huo kilikuwa dola 250,000, ni lazima bidhaa hiyo itoke katika kiwanda kidogo cha hapa Marekani, isipokuwa pale SBA ilipotoa msamaha. Kwa vifaa vya kupasha joto, vyenye namba 333414 katika orodha ya serikali ya aina za biashara, kiwanda kidogo ni kile chenye wafanyakazi wasiozidi 500, wakihesabiwa pamoja na wa kampuni dada. Chetu kilikuwa na maelfu. Kanuni hiyo ilikuwa imeandikwa ndani ya zabuni, katika kurasa ambazo nilizipita haraka ili nifike kwenye jedwali la bei. Jambo hilo linaniuma hadi leo, na yule mwuzaji hakupokea simu yangu tena.

Safari hii nilianza na kiwanda. Nilikipata kimoja cha familia, nikaomba maandishi yenye saini yanayotaja idadi ya wafanyakazi na mahali hita zinapoundwa, ndipo nikakaa kupanga bei. Bei yetu ilipanda, lakini hakuna aliyetupinga.

Siku ya kupeleka mzigo nilifuatana na lori mwenyewe. Mpokeaji wa bohari, mama wa makamo mwenye tochi ndogo, hakugusa hita hata moja kwanza. Aliinama akamulika mbao za kreti, akitafuta muhuri wenye alama ya shuke la ngano unaoonyesha kuwa mbao zimetibiwa dhidi ya wadudu, kisha akalinganisha lebo ya kila kreti na namba ya mkataba, tarakimu kwa tarakimu. Kreti moja ilikuwa na lebo iliyochanika pembeni, na moyo wangu ulisimama mpaka alipoipitisha.

Ndugu zangu, someni zabuni yote. Isomeni mpaka ukurasa wa mwisho, kisha mrudie, maana jeshi halinunui maneno ya mtu yeyote kwenye simu. Anayekudai fedha ili akuandikishe SAM.gov, tovuti ya serikali wanakojiandikisha wanaotaka kuiuzia, mkatalie, kwa kuwa kujiandikisha huko ni bure. Tafuteni pia ofisi ya APEX Accelerators iliyo karibu nanyi, ambayo huwasaidia wafanyabiashara wadogo kuelewa ununuzi wa serikali. Mimi nilikwenda na zabuni nzima niliyoichapa, na mshauri aliyenipokea akaiweka kando karatasi yangu ya bei, akafungua ukurasa wa kanuni ya mtengenezaji, akanipa kalamu nipigie mstari mwenyewe.