Navigeta Kasema "Nne", Gari Liko Mtaroni: Majibu kwa Wacheza Gemu za Rali

Vibanda vya gemu vya Mwanza vinajulikana kwa mpira, lakini maswali ya safari hii yote ni ya rali. Tumeanza na lile lenye maelezo marefu.

SWALI: Habari za kazi. Nina PS4 Slim na diski ya WRC 9. Kwenye njia za Kenya, navigeta (msaidizi anayekaa pembeni na kumsomea dereva njia) akisema "left four", yaani kushoto nne, naweka gia ya nne na kupinda kushoto, halafu naishia kichakani. Nikipunguza hadi ya pili, kona nyingine napita kama nasukuma mkokoteni. Nakosea wapi? – Msomaji, Nyamanoro

JIBU: Unakosea mwanzo kabisa: hiyo nne si gia. Ni kipimo cha ukali wa kona. Moja imebana sana, sita unaipita karibu bila kuachia mafuta. Inayobana kuliko hata moja huitwa "hairpin", kona ya kukugeuza uelekee ulikotoka. Gia unachagua mwenyewe, maana nne ya gari dogo linalovutwa na tairi za mbele na nne ya gari la WRC, la ubingwa wa dunia wa rali, hazipitwi kwa kasi moja.

Namba kubwa zinazotajwa peke yake, kama 50, 80 au 150, ni mita zilizobaki kufika kona inayofuata. Kisha kuna maneno madogo, na hayo ndiyo yanayojaza watu vichakani. "Tightens" maana yake kona inazidi kubana kadiri unavyoendelea; "opens" inafunguka. "Don't cut" ni onyo la kutopanda ukingo wa ndani, kwa kuwa pana jiwe, kisiki au shimo. "Over crest" ni kona iliyo juu ya mwinuko: pale kileleni tairi hukandamiza ardhi kidogo tu, kwa hiyo breki na usukani havikusikii. Nyoosha gari kabla hujafika juu. "Into" inakuambia kona mbili zimeshikana, hakuna nafasi katikati.

Tuchukue sentensi moja: "Left four tightens two, don't cut, eighty, hairpin right." Mwenye haraka anasikia nne na kuingia nayo. Lakini kona hiyo inaishia kuwa mbili, basi ingia kwa kasi ya mbili. Ukitoka una mita 80 tu. Kwa kilomita 100 kwa saa gari linakula karibu mita 28 kila sekunde, kwa hiyo mita hizo zinakwisha kabla ya sekunde tatu. Ukisubiri hadi uione hairpin ndipo ufikirie breki, umeshachelewa. Navigeta husoma ya mbele. Anachosema sasa si cha kona uliyomo, ni cha ile usiyoiona. Ukimwona anakuchelewesha, gemu nyingine ya rali, DiRT Rally 2.0, ina mpangilio wa kumfanya asome mapema zaidi.

Kuna kosa jingine ambalo huenda si lako, ni la sabufa. Sauti ya luninga ikipelekwa kwenye sabufa kwa Bluetooth, inachelewa. Ikichelewa sehemu mbili za kumi za sekunde tu, kwa kasi ya 120 umeshapoteza karibu mita saba za barabara. Unganisha kwa waya. Kwenye mipangilio ya sauti shusha injini na upandishe sauti ya navigeta, na luninga yenyewe iweke kwenye hali ya Game ili picha nayo isichelewe.

Sasa breki. Tairi la mbele lina mshiko wa kiasi kimoja tu. Ukiumaliza wote kwenye breki, hakuna unaobaki wa kupinda. Dereva wa bodaboda aliyewahi kubana breki ya mbele kwenye changarawe hahitaji kuelezwa zaidi. Funga breki gari likiwa limenyooka, iachie taratibu, ndipo upinde, na mafuta yarudi pua inapotazama njia ya kutokea. Breki ya mkono iwe ya hairpin pekee: ipige mara moja, fupi, usukani ukiwa umeshageuka. Ukiishikilia, gari litazunguka hadi litazame ulikotoka.

Jifunzie kwenye gari la daraja la Junior. Chagua njia moja tu, uipite mara tano bila kutazama saa, ukisema kwa sauti kila anachosoma navigeta. Inachekesha nyumbani, lakini masikio yanazoea haraka. Na kwa kuwa umechagua Kenya: WRC 9 ilitoka Septemba 2020, wakati Safari Rally ya kweli ilirudi kwenye ubingwa wa dunia Juni 2021 huko Naivasha, baada ya ile ya 2020 kuahirishwa kwa sababu ya UVIKO. Wenye pedi waliwatangulia wenye magari.

SWALI: Gari langu linavuta kushoto lenyewe hata nikiachia analogi (kijiti cha kupindia kwenye pedi). Kwenye mpira pedi hiyohiyo haina tatizo. Gemu ni mbovu? – Msomaji, Igoma

JIBU: Gemu ni nzima, pedi ndiyo imechoka. Kwenye mpira mchezaji akivutika kidogo huoni, ila kwenye njia iliyonyooka kwa kilomita 150 kwa saa, mvuto mdogo unakupeleka mtaroni. Chini ya analogi kuna vipande viwili vinavyopima mwelekeo kwa kusuguana. Vikilika au vikiingia vumbi, pedi inadhani bado unasukuma.

Anza na mpangilio wa "deadzone", eneo la katikati ambalo gemu halisikilizi. Weka 5, jaribu kwenye njia iliyonyooka, ongeza moja moja mpaka gari litulie. Ukifika 15 bado linavuta, acha kuongeza. Usukani utakuwa mzito kuitika na utaanza kuyumba kwa kurekebisha kupita kiasi.

Hatua ya pili ni kusafisha. Zima pedi, ilaze analogi upande mmoja, dondoshea matone mawili au matatu ya aisopropili ya asilimia 90 au zaidi pale shinani, zungusha mara 30 hivi, acha ikauke dakika 20. Spiriti ya asilimia 70 ina maji mengi mno kwa kazi hii, na petroli au thina itakula plastiki. Tatizo likirudi baada ya siku chache, ujue vimelika: fundi abadilishe analogi nzima. Kwenye pedi ya PS4 inashikiliwa na pini 14 zilizochomelewa kwa risasi, kwa hiyo mpelekee mwenye mkono mwepesi. Fundi wa pasi atakurudishia bodi iliyoungua.

SWALI: Umeme ukikatika katikati ya hatua (kipande kimoja cha rali), PS4 ikiwaka inalalamika haikuzimwa vizuri, na siku hizi gemu inajitoa na kuandika CE-34878-0. Stabilaiza itasaidia? – Msomaji, Buzuruga

JIBU: Stabilaiza haiwezi kukupa umeme ambao haupo. PS4 yenyewe inapokea volti 100 hadi 240, kwa hiyo umeme mdogo si adui yake mkubwa. Adui ni kukatika ghafla wakati diski ya ndani inaandika, na kishindo cha umeme unaporudi. LUKU ikiisha usiku madhara ni yaleyale, maana mashine haijui nani kaukata.

Kinachofaa ni UPS, kisanduku chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika. PS4 Slim ikicheza inakula wati 80 hadi 90, luninga ya LED ya inchi 32 kama 50. UPS ya VA 650 yenye betri mpya itakubebea mzigo huo dakika kumi hivi. Zinatosha kumaliza hatua na kuzima kwa utaratibu. Hazitoshi kuanza rali mpya, tunawajua. Zima kabisa, usiiache kwenye hali ya kupumzika, kwa sababu hapo bado inatumia umeme na ukikatika ni kosa lilelile.

Kuitengeneza sasa: zima, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia bila kuachia mpaka usikie mlio wa pili, baada ya sekunde saba hivi, ifunguke menyu ya Safe Mode. Unganisha pedi kwa waya wa USB. Hapa wengi hukwama, kwa sababu waya nyingi za bei rahisi zinachaji tu, hazipitishi data. Pedi isipoitikiwa, badilisha waya kabla hujalaumu mashine. Chagua namba 5, Rebuild Database. Hiyo inapanga upya orodha ya vilivyomo, haifuti gemu wala maendeleo yako. Usiguse 6 wala 7, hizo zinafuta kila kitu. CE-34878-0 ikiendelea, hamishia maendeleo yako kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32 au exFAT, futa gemu, uipakie upya kutoka kwenye diski.

SWALI: Nataka gemu yenye Safari Rally, ile ya Kenya, kwenye PS4. Muuzaji ananiambia ninunue EA Sports WRC. Na diski iliyokwaruzika nikiisugua na dawa ya meno itapona? – Msomaji, Kirumba

JIBU: EA Sports WRC ya 2023 ni ya PS5, Xbox Series na kompyuta, kwenye PS4 haitawaka. DiRT Rally 2.0 ya 2019 ni gemu kali, pengine ngumu kuliko zote, lakini Kenya haimo, na sehemu yake ya kuendesha timu inataka intaneti muda wote, bando litalia. Wewe tafuta WRC 9 au WRC Generations.

Dawa ya meno iache mswakini. Diski ya PS4 ni Blu-ray: data iko milimita 0.1 tu chini ya uso, wakati kwenye DVD ni milimita 0.6. Kusugua kulikookoa DVD za zamani hapa kunaweza kuichimba data yenyewe. Ielekeze diski kwenye mwanga kabla ya kulipa. Mkwaruzo ukishikika kwa ukucha, irudishe. Gemu za PS4 hazibagui nchi, ila nyongeza za kununua mtandaoni lazima ziendane na eneo la diski na la akaunti, kwa hiyo angalia herufi CUSA na namba zake (msimbo wa toleo la diski) ubavuni mwa kasha.

SWALI: Nimepata usukani wa Logitech G27 wa mtumba. Utafanya kazi kwenye PS4? – Msomaji, Nyegezi

JIBU: Hapana, mpaka uwe na adapta ya kati. G29 ndiyo yenyewe, na swichi yake iwe upande wa PS4. Kwa rali punguza mzunguko kutoka digrii 900 hadi 540, la sivyo mikono haitawahi hairpin.

SWALI: Huku kwetu wadudu wa ziwani wakija usiku wanajaa hadi ndani, na PS4 sasa inavuma kama jenereta kisha inaandika imepata joto. – Msomaji, Nansio

JIBU: Wadudu hao hufuata mwanga, na feni inawavuta waliokaribia matundu. Wakifa ndani wanashikana na vumbi kuwa kama blanketi juu ya mapezi ya kupozea. Siku wanapotanda, zima taa ya chumbani, funga madirisha ya upande wa ziwa, na mashine ikae juu ya meza yenye nafasi ya sentimita 10 kila upande. Usiifunike kitambaa ikiwa inawaka, hata cha neti.

Matundu ya pembeni na ya nyuma yasafishe kwa brashi laini kila wiki mbili. Mvumo usipopungua, fundi aifungue. Akitumia blowa, kwanza azuie feni isizunguke kwa kuichomekea kijiti cha meno, kwa sababu ikizungushwa kwa nguvu ya upepo inaharibu beringi zake. Na kama mashine ina zaidi ya miaka mitano, abadilishe pia pesti ya joto iliyo juu ya prosesa. Ya kiwandani huenda imeshakauka kama udongo wa kiangazi.