Uliza Ujibiwe: Tindikali na Magadi Shambani

Swali: Kila msimu naweka mbolea ya kupandia na ya kukuzia, lakini mahindi yanadumaa na kingo za majani zinageuka zambarau. Maabara imeniambia pH ya udongo ni 4.8. Niongeze mbolea kiasi gani?

Jibu: Usiongeze hata kidogo kwa sasa. Mbolea unayoweka inafungwa ardhini kabla mmea haujaifikia.

Kipimo cha pH (chini ya 7 ni tindikali, juu yake ni magadi, yaani alkali) hupanda kwa mara kumi: udongo wa 4.8 una tindikali mara kumi ya udongo wa 5.8. pH ikishuka chini ya 5.5 hivi, aluminiamu iliyokuwa imetulia ndani ya chembe za udongo huanza kuyeyuka na kuingia kwenye maji ya udongo. Hiyo ndiyo sumu yenyewe. Hushambulia ncha za mizizi kwanza, na mzizi usio na ncha hauendi chini kutafuta maji. Ng'oa mche mmoja kwa jembe, usiuvute kwa mkono, kisha suuza mizizi. Ukiiona mifupi, minene, ya hudhurungi na isiyo na matawi membamba, umepata jibu. Aluminiamu hiyohiyo pamoja na madini ya chuma huishika fosforasi, na zambarau unayoiona ni njaa ya fosforasi. (Baridi na maji yaliyotuama pia huleta zambarau kwenye miche michanga, ndiyo maana tunasisitiza utazame mizizi kabla ya kuhukumu.)

Dawa ni chokaa ya kilimo. Kiasi chake ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu wanaangalia pH peke yake. Mita husoma tindikali iliyomo kwenye maji ya udongo tu. Iliyo nyingi zaidi imeshikiliwa na chembe za mfinyanzi na mboji, na hujitokeza kidogo kidogo chokaa inapoanza kufanya kazi. Kwa hiyo kupandisha pH kwa namba moja kwenye kichanga kunaweza kuhitaji tani 1 hadi 2 kwa hekta, na kwenye mfinyanzi wenye mboji tani 4 hadi 6 au zaidi. Irudie maabara, uombe kipimo cha mahitaji ya chokaa. Kwa bustani ndogo kumbuka kwamba tani 1 kwa hekta ni gramu 100 kwa mita moja ya mraba.

Lenga pH 5.8 hadi 6.2, usikimbilie 7. Ukizidisha, zinki itaadimika na mahindi yataota mistari mipana myeupe karibu na shina la majani machanga; utakuwa umehama tatizo moja na kuingia jingine.

Chagua chokaa iliyosagwa laini kama unga, maana punje zinazozidi milimita 2 zitakaa miaka bila faida ya maana. Mwaga nusu, lima, mwaga nusu iliyobaki, kisha changanya hadi kina cha sentimita 15 au 20. Chokaa haitembei: ukiiacha juu, itatibu sentimita chache za juu na mizizi itakwama palepale. Iwekwe miezi miwili au mitatu kabla ya kupanda, na udongo uwe na unyevu, kwani kwenye vumbi kavu haifanyi kitu. Usiichanganye na urea, salfeti ya amonia wala samadi mbichi. Naitrojeni itapaa hewani kama amonia, na pua yako itakuambia.

Swali: Chokaa ya kupaka ukutani inafaa? Na majivu ya jikoni je?

Jibu: Chokaa ya ukutani iliyozimwa kwa maji inafaa, na ina nguvu kuliko ya kilimo: kilo 74 hufanya kazi ya kilo 100 za kalsiamu kaboneti safi, ambayo ndiyo kiini cha chokaa ya kilimo. Ile ambayo haijazimwa ni kali zaidi, kilo 56 zinatosha. Ukali huo una gharama. Huunguza ngozi, macho na miche, basi vaa glavu na miwani, na usipande kwa wiki mbili au tatu baada ya kuiweka.

Majivu ya kuni pia hupandisha pH, na yana potasiamu, ila nguvu yake hubadilika sana kulingana na aina ya mti. Mara nyingi ni nusu ya chokaa au pungufu. Gramu 100 hadi 200 kwa mita ya mraba kwa mwaka zinatosha kuanzia, kisha pima. Kosa la kawaida ni kumwaga majivu yote kwenye tuta lililo karibu na jiko, mwaka baada ya mwaka, hadi pH inapita 8. Usitumie majivu ya plastiki wala ya mbao zilizopakwa rangi au dawa.

Jasi haipandishi pH, ingawa ina kalsiamu. Usiuziwe kama mbadala wa chokaa.

Swali: Miaka michache iliyopita shamba langu lilikuwa na pH 6.2, sasa ni 5.3. Maharage hayafungi vinundu kwenye mizizi. Sijaweka kitu chochote cha tindikali.

Jibu: Umeweka, kama umekuwa ukitumia mbolea zenye amonia. Bakteria wa udongo wanapoigeuza amonia kuwa naitreti, tindikali huzalishwa. Kila kilo ya naitrojeni kutoka urea huhitaji takriban kilo 1.8 za chokaa kuizimua. Kutoka salfeti ya amonia, zaidi ya kilo 5. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za naitrojeni, kwa hiyo unaacha deni la chokaa la kilo 41 hivi. Mvua nyingi na mavuno yanayoondolewa pamoja na mabua huongeza deni hilo, kwa kubeba kalsiamu na magnesiamu.

Bakteria wa vinundu huteseka kwenye tindikali, na molibdenamu, wanayoihitaji kunasa naitrojeni, huwa haipatikani. Weka chokaa kwanza, ndipo upake mbegu bakteria wa vinundu. Ukifanya kinyume utakuwa umewatupa bakteria hao. Pasua kinundu: chekundu au cha waridi ndani kinafanya kazi, cheupe au kijani hakifanyi.

Swali: Majani machanga ya michungwa yangu ni ya njano, mishipa imebaki kijani. pH ni 8.1. Nimeshauriwa nimwage salfa shambani. Nifuate?

Jibu: Kabla ya kununua, mwagia siki kwenye bonge la udongo. Ukitoa povu, una chokaa ya asili ndani yake, na ushauri huo utakufilisi. Tufanye hesabu. Hekta moja hadi sentimita 20 ina udongo wa tani 2,600 hivi. Chokaa ikiwa asilimia 5, ni tani 130. Kilo moja ya salfa huzimua kilo 3.1 za chokaa, basi unahitaji tani 40 na ushei za salfa kabla pH haijashuka kwa maana yoyote.

Dalili unazoeleza ni za upungufu wa chuma. (Upungufu wa naitrojeni na magnesiamu huanza kwenye majani ya zamani, hapa yanaumwa machanga.) Chuma kipo, ila kwenye alkali hakiyeyuki. Weka kwenye mizizi chuma cha kilati (kilichofungwa kikemia ili kibaki kimeyeyuka) aina ya EDDHA, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Aina ya EDTA ni nafuu lakini huvunjika kwenye pH kama yako. Kwa nafuu ya haraka, nyunyizia majani jioni salfeti ya chuma gramu 5 kwa lita moja ya maji, na urudie machipukizi mapya yakitoka, kwa sababu chuma hakihami kutoka jani la zamani kwenda jipya. Punguza pia maji: udongo uliolowa muda mrefu huzidisha unjano huu.

Salfa ina nafasi yake kwenye vyungu, au kwenye udongo usiotoa povu. Hata hapo hufanya kazi kwa miezi, kupitia bakteria.

Kama pH ingekuwa juu ya 8.5, tungeshuku sodiamu, na hapo tiba ni jasi pamoja na maji ya kuisafisha chini.

Swali: Udongo wangu hautoi povu kwa siki. Kwa hiyo una tindikali?

Jibu: Hapana, unajua tu kwamba hauna chokaa nyingi. Unaweza kuwa 5 au 7. Pima hivi: chota udongo wa kina cha sentimita 0 hadi 20 kutoka sehemu 15 au 20, ukitembea kwa zigizaga na kuruka ulipokuwa moto, kichuguu au rundo la samadi. Changanya kwenye ndoo ya plastiki, kausha kivulini, chekecha. Gramu 20 za udongo kwa mililita 50 za maji yaliyokenekwa, koroga, subiri dakika 30, koroga tena, soma. Mita irekebishwe kwanza kwa vimiminika vya pH 4 na 7. Maabara nyingine hutumia kloridi ya kalsiamu badala ya maji, na namba yake huwa chini kwa 0.5 hadi 1, kwa hiyo usilinganishe majibu mawili bila kuuliza njia iliyotumika.

Swali: Nataka kulima viazi mviringo na kabichi kwa kupokezana. Chokaa niiweke lini?

Jibu: Baada ya viazi, kabla ya kabichi. Magamba ya ganda la viazi hushamiri pH inapopita 5.5, na uvimbe wa mizizi ya kabichi hushamiri kwenye tindikali, ukipungua pH inapokaribia 7.2. Mazao haya mawili hayatakubaliana kikamilifu. Kama uvimbe umeshaingia shambani, mbegu za ugonjwa huo hudumu ardhini miaka mingi, hivyo tenga sehemu ya kabichi iwekewe chokaa na upeleke viazi kwingine.