Mashine pepe inajivuta, chati inasema prosesa imepumzika

Maswali ya safari hii yametoka Tanga mjini na wilayani, kwa watu wanaosimamia seva za VMware (programu inayoigawa seva moja iwe kama kompyuta kadhaa, yaani mashine pepe) na kulaumiwa mfumo ukiwa mzito.

Shikamoo. Niko Ngamiani, natunza seva ya chama cha akiba na mikopo. Mashine pepe ya hesabu inajivuta, lakini chati inaonyesha prosesa inatumika asilimia 35 tu. Shida iko wapi?

Marahaba. Hiyo 35 ni kazi iliyofanyika. Kazi iliyokaa foleni haimo. Fungua chati za kina za mashine hiyo, upande wa prosesa, uongeze kipimo kilichoandikwa Ready. Huo ni muda ambao mashine ina kazi na iko tayari kuifanya, ila kori za seva (sehemu za prosesa halisi zinazofanya kazi) zimeshikwa na mashine nyingine. Ni kama gari lililofika kivukoni Pangani: dereva yupo, tangi limejaa, lakini pantoni liko Bweni. Kwa kutazama mafuta yaliyotumika peke yake, hutajua kwamba abiria wamechelewa.

Tafadhali usimwambie mhasibu kwamba tatizo ni kompyuta yake kabla hujautazama mstari huo.

Nimeutazama mstari wa Ready, unasoma 4,800. Ni nyingi? (Korogwe)

Inategemea uko kwenye chati gani, na hapa ndipo wengi wanapotea. Namba hiyo ni milisekunde, si asilimia. Chati ya papo kwa papo hukusanya kila sekunde 20, yaani milisekunde 20,000. Gawa 4,800 kwa 20,000, zidisha kwa 100, unapata 24. Usishtuke bado: chati ya mashine nzima hujumlisha prosesa pepe zake zote, yaani prosesa ambazo mashine pepe imepangiwa. Kama mashine ina nne, gawa tena kwa nne, kila moja inabaki na asilimia 6.

Mimi, chini ya 5 kwa kila prosesa pepe huwa sina wasiwasi. Ikikaribia 10, watumiaji nao wanauona uzito.

Sasa hamia chati ya siku nzima. Huko kila nukta ni dakika 5, yaani milisekunde 300,000, na 4,800 ileile inakuwa asilimia 1.6 kwa prosesa zote nne pamoja. Chati hiyo pia husawazisha vilele: msongamano wa sekunde 40 saa tatu asubuhi unaweza usionekane kabisa. Kwa hiyo fuatilia ile ya papo kwa papo wakati malalamiko yanaendelea, si jioni watu wakishaondoka.

Mkuu wangu anataka niipandishe mashine kutoka prosesa pepe 4 hadi 8. Seva ina kori 8 na mashine nyingine tano. (Dada wa Chumbageni)

Mweleze kwa heshima kwamba huenda akaongeza uzito. Prosesa pepe za mashine moja hazitakiwi kuachana mno. Iliyotangulia sana husimamishwa ili wenzake waifikie, na muda huo unaonekana kwenye mstari wa Co-stop. Kadiri zinavyokuwa nyingi kwenye kori chache, ndivyo kusubiriana kunavyozidi.

Kama matumizi ya kweli ni madogo, mimi ningeshuka hadi 2. Kupunguza kunadai mashine izimwe, basi fanya baada ya saa za kazi, kisha uangalie hadi mwisho wa mwezi upite, maana ndipo hesabu zinapobana.

Seva ina kori 8, skrini inasema 16. Nihesabu ipi?

8. Hiyo 16 ni nyuzi, yaani njia za kazi, mbili kwa kila kori, na nyuzi mbili za kori moja zinagawana kori hiyohiyo.

Niamini Task Manager (dirisha la Windows linaloonyesha matumizi ya prosesa) ya ndani ya mashine pepe au chati ya nje, ya VMware? (Muheza)

Ya ndani ikuonyeshe programu inayokula prosesa. Kuhusu foleni, amini ya nje, kwa sababu Windows haijui muda iliokuwa imewekwa kando.

Seva nzima iko asilimia 20, kori zimejaa nafasi, ila mashine moja tu ina Ready kubwa mno. Inawezekanaje?

Fungua mipangilio ya mashine hiyo, sehemu ya prosesa, utazame kikomo cha megahezi, yaani kiwango cha juu cha prosesa ambacho mashine inaruhusiwa kutumia. Kikiwa kimewekwa, mashine itasubiri hata kama kori ziko wazi, na kusubiri huko huhesabiwa ndani ya Ready. Ondoa kikomo, kisha kagua na mashine zote zilizotengenezwa kutoka kiolezo (mashine ya mfano inayonakiliwa) hichohicho, huenda zimekirithi.