Taarifa zinapotea zamu zikibadilishana, ndugu nao hawaambiwi kitu

SWALI: Mimi ni mkunga katika hospitali ya wilaya. Tukikabidhiana zamu leba, taarifa za akina mama hupotea. Daktari akipigiwa simu usiku haelewi haraka tunataka nini. Ndugu nao hukaa nje bila habari mpaka wanaanza kugomba. Tufanyeje bila kuongezewa makaratasi?

JIBU: Sista, makaratasi yanatosha. Patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, ikijazwa kwa wakati inabeba karibu kila mnachohitaji.

Makabidhiano yafanyieni kitandani, patografu mkononi, na anayepokea arudie alichosikia. Mama mwenyewe asikilize, maana mara nyingi ndiye atakayewasahihisha: “Chupa ilipasuka jana jioni, siyo leo asubuhi.” Saa hizo ni nyingi, na hatari ya maambukizi kwake na kwa mtoto inapanda. Ila hali ya VVU isitajwe kwa sauti vitanda vikiwa vimekaribiana; mwonyeshe mwenzako kwenye kadi.

Kwenye simu, wengi wetu tunaanza na historia ndefu, na daktari aliyekatizwa usingizi anabaki kubahatisha kama anaitwa au anapewa taarifa tu. Tanguliza ombi: “Daktari, naomba uje leba sasa hivi. Mama kitanda cha 3, wiki 39, ana kovu la upasuaji. Mapigo ya mtoto ni 90, nimemlaza ubavu, hayajapanda kwa dakika tano. Nahofia kovu.” Mapigo ya kawaida ni 110 hadi 160, kwa hiyo namba hiyo peke yake inamwamsha. Akikupa maagizo, yarudie kabla ya kukata simu. Asipopokea, mpigie wa juu yake. Hilo mkubaliane mchana, siyo usiku wa dharura.

Kuhusu ndugu, kuna utaratibu uitwao TeamBirth, uliobuniwa na Ariadne Labs ya Boston, Marekani, ambao naupenda kwa sababu unahitaji ubao tu. Panaandikwa majina ya wanaohudumia, matakwa ya mama, mpango, na lini atapimwa tena. Mpango wenyewe umegawanywa: mama, mtoto, maendeleo ya uchungu. Mgawanyo huo unasaidia sana. Ndugu akisikia “uchungu unakwenda taratibu, lakini mtoto yuko salama,” haondoki akidhani mtoto anakufa. Leba yenye vitanda vingi bila mapazia, ubao wa ukutani utaanika siri za watu. Tumieni karatasi iliyobanwa kwenye faili lake.

Mwombeni mama amchague ndugu mmoja wa kupokea taarifa. Huyo aambiwe mliona nini, mnafanya nini, na saa ngapi mtamrudia. Saa ikifika bila jipya, tokeni mkamwambie hakuna jipya.

Mkimpeleka mama thieta, mwelezeni yeye kwanza. Akiwa mtu mzima mwenye fahamu zake, ridhaa ni yake. Mume apigiwe simu huku maandalizi yakiendelea, asisubiriwe afike ndipo mwanze.