Unautaka umeya wa Tanga? Anza na kata

Kila uchaguzi mkuu ukikaribia, hawakosekani vijana wawili watatu wa kunivuta pembeni pale kwenye kahawa, Ngamiani. "Shikamoo mzee. Mimi mzaliwa wa hapa, nataka umeya." Marahaba. Kata gani? Hapo wengi wanakwama.

Maana kwetu meya hapigiwi kura na wananchi. Ukiona wakazi wa London wanapanga foleni kumchagua meya wao, hayo ni ya London. Hapa unaanza na udiwani, tena kwa tiketi ya chama, kwa kuwa sheria yetu haina mgombea binafsi. Ukishapita, baraza linakutana, madiwani wa viti maalumu wakiwemo, na kumchagua meya miongoni mwa madiwani. Jiji zima hili, na wapiga kura wako wanaenea ukumbi mmoja.

Nilipoutaka umeya mimi mwenyewe, nililijua hilo kwa kusoma, lakini sikulitilia maanani. Nimezaliwa Tanga, nimesoma Tanga, nimeoa Tanga, nikaona inatosha.

Kwenye kata uzawa ulinisaidia, ila haukuja bure. Sera hawakuniuliza. Waliniuliza misiba. Mzee mmoja alinitazama weee, kisha akasema: "Siku tunamzika mdogo wangu, uliingia makaburini au ulibaki barabarani na simu?" Nilibaki barabarani na simu. Nikakiri, nikaomba radhi. Kura yake alimpa nani sijui, lakini tangu siku hiyo simu naiacha nyumbani. Mgeni husamehewa kwa kutojulikana. Wewe mtoto wa mtaani wanakujua tangu hujavaa kaptura, kwa hiyo kama kuna mtu una deni naye, la pesa au la maneno, mfuate leo, usingoje kampeni.

Sasa kosa langu kubwa. Bibi mmoja, barabara ya 14, alinishika mkono akaniingiza chumbani kwake. Ukutani, juu kidogo ya godoro, alikuwa amechora mistari mitatu kwa mkaa: kila mstari ni masika moja, mahali maji yalipofika. "Ukiwa meya, mjukuu wangu, wa nne nitauchora wapi?"

Nikamwahidi mtaro. Hapo hapo, bila kufikiri.

Tangu 2017 barabara na mitaro yake ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, si halmashauri. Na ndani ya halmashauri yenyewe mtendaji ni mkurugenzi, anayeteuliwa na Rais. Meya anaongoza vikao vya baraza, anaongoza kamati ya fedha, na akiwa na hoja nzuri anasikilizwa. Si kidogo, ila greda si lake. Ahidi yaliyo mikononi mwa baraza: masoko, ushuru wa wauza samaki, na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokopeshwa vikundi, 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Watu wengi wana haki ya mkopo huo na hawajui pa kuanzia. Mshike mmoja mkono mpaka dirishani, utakumbukwa kuliko bango.

Pesa? Utaombwa ya soda, ya vocha, ya nauli. Usithubutu. Ukimpa mmoja, kesho wako kumi mlangoni, na TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, nao wana masikio.

Udiwani nikaupata. Umeya nikaukosa ndani ya chama changu mwenyewe, kwenye kikao cha kupitisha jina, na kura zangu ungezihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Nilinuna, nikasema nimechezewa. Baadaye nikaja kujua kwamba wakati wa kampeni mwenzangu aliazimisha spika zake kwa wagombea wa kata nane, na mmoja wao alipolazwa, yeye ndiye aliyezunguka kumwombea kura. Mimi siku hizo nilikuwa nachapisha kalenda zenye picha yangu.

Masika iliyofuata nilirudi kwa bibi. Mstari wa nne upo, umepanda kuwapita wenzake watatu. Hakunilaumu, alinipa futi ya fundi ya marehemu mumewe, nikapima kutoka sakafuni hadi kwenye mkaa, nikaandika namba kwenye kitabu changu. Kikao cha baraza kilichofuata, swali langu lilianza na namba hiyo.