Aliyefungua parachuti kwa mkono wake

Mmarekani Leslie Irvin hakuwa wa kwanza kuruka na parachuti kutoka ndegeni. Sifa yake ni kwamba tarehe 28 Aprili 1919, huko McCook Field, uwanja wa ndege jimboni Ohio, Marekani, aliruka bila kamba ya kumfunga kwenye ndege ambayo ingemfungulia parachuti, akaanguka huru, kisha akavuta mwenyewe kamba ya kufungulia, wakati ambapo wengi waliamini kuwa mtu angezimia angani kabla mkono haujaifikia. Alitua vibaya akavunjika kifundo cha mguu. Hata hivyo, Tiny Broadwick, mrukaji parachuti Mmarekani, asisahauliwe kamwe: mwaka 1914 huko San Diego, baada ya kamba iliyomuunganisha na ndege kunasa kwenye mkia wake, mwanamke huyo aliikata, akavuta kipande kilichobaki, na parachuti ikafunguka.